Kisu cha Jirani

Nyumbani kwetu Muheza, miaka ya 1980, mbuzi wa Krismasi hakuchinjwa na baba. Jioni ya mkesha nilitumwa nyumba ya tatu kumwita baba mkubwa, jirani yetu aliyekuwa mwalimu wa madrasa. Napiga hodi, naamkia, naitikiwa: "Marahaba mwanangu. Mwambie baba yako niswali magharibi, kisha naja." Alikuja na kisu chake mwenyewe, kimeviringishwa kitambaa cheupe. Aliomba maji, akajaribu makali ya kisu kwenye ukucha, akamlaza mnyama kuelekea kibla. Baba akashika miguu. Likatajwa jina la Mungu, kazi ikaisha. Kesho yake pilau ilipopakuliwa, hakuna mtu mtaani aliyelazimika kuuliza nyama ile imechinjwa na nani.

Baba alikuwa Mwanglikana wa Magila, misheni ya jirani na Muheza, kwelikweli, mzee wa kanisa, mtu wa kufunga Kwaresima na kuamka na kengele. Lakini nchi yetu ya Bonde ndivyo ilivyo. Wamisionari wa UMCA, shirika la misheni la Kianglikana, walifika Magila kutoka Unguja mwishoni mwa miaka ya 1860, na tangu alipoingia padre Farler mwaka 1875 misheni ikashika mizizi. Uislamu nao ulikuwa ukipanda kutoka Pangani na Tanga pamoja na wafanyabiashara. Reli ya Wajerumani ilipofika Muheza mwaka 1896, mji ukazidi kuchanganyika. Ndiyo maana kwetu utawakuta Petro na Ramadhani, watoto wa ndugu wa tumbo moja. Hata askofu wetu wa miaka ile, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Tanzania mwaka 1984, aliitwa John Ramadhani, na jina hilo halikumshangaza mtu.

Undugu wa damu uliturahisishia mambo, ila haukutosha. Urafiki ulitaka kazi, na kazi hiyo ilifanywa zaidi na mama. Nguruwe hakuingia nyumbani kwetu, wala sufuria zetu hazikuazimwa kwa mtu aliyempika. Mwezi wa Ramadhani tulikatazwa kula barazani mchana. Jua likikaribia kuzama, mke wa jirani alituma bakuli la uji wa pilipili manga na sahani ya mihogo ya nazi, ingawa hatukuwa tumefunga. Sahani hairudi tupu, kwa hiyo asubuhi nilitumwa kuirudisha ikiwa na machungwa, au mayai mawili matatu. Mama akiishiwa chumvi, alikwenda kuomba kwa jirani yule yule kabla ya kufikiria duka. Nilipokua nikaelewa kwamba alifanya hivyo kwa makusudi. Alitaka awe na deni kwa jirani, na jirani awe na deni kwake, ili pasiwe na siku ya kuwa wageni.

Imani yenyewe haikufichwa. Barazani, kahawa ikiwa imemiminwa, baba mkubwa alimuuliza baba waziwazi: Mungu anawezaje kuwa na mwana? Baba alijibu alichokijua, na mahali alipofika mwisho wa elimu yake alisema, "Hilo nitamuuliza padre." Wiki iliyofuata alirudi na jibu, na yeye akauliza lake. Sikumbuki mmoja wao akikubali hoja ya mwenzake. Nakumbuka kwamba hakuna aliyeondoka kabla kahawa haijaisha.

Ndipo ikaja mihadhara. Kuelekea miaka ya 1990, katika miji mingi ya nchi hii, wahubiri wa pande zote mbili walisimama viwanjani na vipaza sauti, huyu akikinukuu kitabu cha yule ili kukibomoa. Vijana tulivutiwa, maana palikuwa na kelele na vicheko. Jioni moja baba mkubwa alikuja nyumbani, akakaa, akasema, "Ndugu yangu, haya tunayasema mimi na wewe kila siku. Kwa nini kule yanauma?" Baba akamjibu, "Kwa sababu kule hakuna anayejua nyumbani kwa mwenzake." Jibu hilo limekaa nami kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Mwaka 2013, ugomvi wa nani achinje ulipozuka huko Geita hadi kiongozi wa kanisa akauawa, nililikumbuka tena kwa uchungu.

Baba alipofariki, Waislamu wa mtaa walifika kabla ya wazee wa kanisa. Vijana wao walichimba kaburi pamoja na wetu. Wanawake waliingia uani na kuni, unga na ndoo za maji, wakasonga bada, ugali wa muhogo, kwa ajili ya waombolezaji. Ibada ilipoanza, waliotaka waliingia kanisani, wasiotaka walisimama nje chini ya mwembe, na wote walitembea nasi hadi makaburini. Baba mkubwa alitupa udongo wake, akamwita marehemu kwa jina.

Siku hizi makanisani kuna semina za namna ya kuwafikia wasio wa kanisa letu. Nazihudhuria, na nia yake naiheshimu. Lakini naona tumezidi kujiandaa kutoa na tumesahau kuomba. Nyumba zina uzio na geti, sherehe zina wapishi wa kukodi, na Mkristo anaweza kuishi miaka kumi bila kuhitaji chochote kutoka kwa Mwislamu wa pili yake. Mtu usiyemhitaji kwa lolote hawezi kuwa rafiki yako. Utamhesabu tu kuwa mtu wa kumhubiria. Wazazi wangu walimpenda Kristo bila kuona haya, na kwa sababu hiyo hawakuona haya kumwambia jirani: tusaidie, bila wewe sikukuu yetu haijakamilika. Ninawasihi, vijana wa kanisa letu, mwanzie hapo. Krismasi ikija, kabla ya kugawa kadi na vipeperushi, nendeni mkapige hodi, mkaombe kuchinjiwa.