Niko Napika: Safari Yangu ya Kwanza Lubumbashi

Kabla ya mpaka wa Kasumbalesa tulipita foleni ndefu ya malori, mengine yakipeleka shaba bandari ya Dar es Salaam. Tulipovuka, basi likahamia upande wa kulia wa barabara, maana Kongo huendesha kulia, ilhali Zambia huendesha kushoto kama sisi Watanzania. Jioni nikaliona dohani la kiwanda cha Gécamines na kando yake kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Nimefika Lubumbashi, mji ulioanzishwa 1910 na kuitwa Elisabethville hadi 1966.

Mwenyeji wangu, mwalimu mwenzangu, anakaa Katuba. Mwanawe alikuwa mezani na zoezi la Kiingereza: apige mstari chini ya kirai kitenzi. Sentensi ya kwanza ilikuwa "My mother is cooking". Alipiga mstari chini ya "cooking" peke yake.

"Mwalimu, karibu umusaidie," baba yake akaniambia. Shuleni hufundishwa kwa Kifaransa, na Kifaransa husema "elle prépare", neno moja la kitenzi kwa "anapika kila siku" na kwa "anapika sasa hivi". Nikamweleza kijana kwamba kirai kitenzi ni kitenzi kikuu pamoja na visaidizi vyake. Akaitikia kwa kichwa. Sentensi ya pili akakosea vilevile.

Hapo baba akaita kuelekea uani, kuulizia ugali: "Mama, bukari iko tayari?"

"Niko napika!" likaja jibu.

Nikaweka kalamu chini. Kwetu Mbeya mama angejibu "ninapika": nafsi, wakati na tendo vyote ndani ya neno moja. Huyu ametumia mawili. Nikamwomba kijana aandike maneno ya mama yake, na chini yake "I am cooking". Akayatazama. "Niko" ikakaa juu ya "am", "napika" juu ya "cooking". Bila kuambiwa akarudi juu akapiga mstari chini ya "is cooking".

Baada ya hapo tulikwenda kasi. "Is my mother cooking?": kisaidizi kimeruka mbele ya mtenda, lakini bado ni cha kirai kilekile. "She is always cooking": "always" imeingia katikati, ila ni kielezi, haipigiwi mstari. "She has been cooking": visaidizi viwili na kitenzi kikuu mwishoni. Nilimtahadharisha pia kwamba vitabu vya isimu huingiza na yambwa ndani ya kirai kitenzi, kwa hiyo asome kwanza zoezi linataka nini.

Tulikula bukari na sombe, yaani kisamvu, usiku huo, nami nikitafakari. Watu wengi wa kwetu husikia "niko napika" au "beko banatumika" (wanafanya kazi) wakasema ni Kiswahili kibovu. Si kweli. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu cha mji huu miaka ya 1950, alichapisha makala juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na Walter Schicho akatoa kitabu kizima juu ya sintaksia yake mwaka 1982. Lugha hii ina kanuni zake, na wenyewe wanazifuata. André Yav aliitumia mwaka 1965 kuandika historia ya Elisabethville, mji walioujenga watu wa kazi.

Kesho yake nilitembea hadi soko la Kenya, mtaa wenye jina la nchi ya jirani zetu, nikisikiliza vitenzi. Kila meza ilikuwa na mfano wa kufundishia.

Walimu wenzangu, mtoto akishindwa kukiona kirai kitenzi cha Kiingereza, msikimbilie kumrudishia kanuni mara ya pili. Sikilizeni kwanza mama yake anasemaje jikoni. Huenda nusu ya somo mtoto ameshaijua kabla hajafika darasani.