Nilisomea Mifugo kwa Kinyongo

Nilitaka kutibu watu. Alama za kidato cha nne hazikutosha, nikaishia chuo cha mifugo Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Shangazi akiniuliza nasomea nini, nilimjibu "udaktari", kisha nikageuza mazungumzo kabla hajauliza wa nini.

Darasani sikuwa na shida. Nilikariri kwamba ndigana kali huletwa na kupe, kwamba tezi huvimba, homa hupanda, na mapafu hujaa maji mwishoni. Lakini zizini nilisimama nyuma ya wenzangu, nikichunga viatu. Wafugaji niliwaona ni watu wa kuelimishwa tu. Kwamba wao wangeweza kunielimisha mimi, hilo halikunijia.

Mafunzo ya vitendo yakanipeleka Monduli. Mzee mmoja wa Kimaasai alipapasa chini ya sikio la ndama aliyekuwa bado ananyonya vizuri, akasema, "Huyu ana ndigana." Nilimdharau kimoyomoyo. Kipimajoto kikasoma nyuzi 41. Nami nikapapasa, nisione kitu. Mzee hakunicheka, aliushika mkono wangu, akauweka juu ya tezi.

Ndama yule tulimchoma dawa ya buparvakwoni akapona. Wa jirani yake tulimkuta anahema, povu linamtoka puani. Tulimchoma naye, akafa usiku uleule. Nililala nikiwaza nitakavyolaumiwa. Asubuhi mwenye ndama akanikaribisha chai ya maziwa. "Mwanangu," akasema, "huyo mlimkuta ameshakwenda. Kunywa chai, kisha njoo uwaone wengine." Ng'ombe ndiyo benki ya mtu yule, na ada ya watoto wake. Akanikabidhi waliobaki, mimi mwanafunzi niliyeona haya hata kutaja ninachosomea.

Sikugeuka siku hiyo. Niliporudi chuoni kiburi kilinirudia, kikaondoka, kikarudi tena. Ila nilianza kutangulia zizini, na kuwauliza wakamuaji mambo ambayo daftari langu halikuwa nayo.

Sasa mifugo ndiyo kazi yangu. Nawachanja ndama dhidi ya ndigana: tunawachoma vimelea hai, na papo hapo dawa ya oksitetrasaiklini ili ugonjwa usiwazidi nguvu. Chanjo husafirishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, na ikishayeyushwa haingoji mtu, kwa hiyo lazima ndama wakusanywe mapema. Aliyechanjwa huvishwa hereni, na kinga hudumu miaka mingi. Kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe hakukomi, maana kupe wana magonjwa mengine. Wapo wanaoshindwa gharama; wengi hao huniita ndama akishaanza kutoa povu, nami huenda nikijua dawa huenda isifue dafu.

Wewe uliyepangiwa mifugo ukaificha barua, nakuelewa. Mwaka wa kwanza niliuvumilia tu. Ukifika, nunua mabuti ya mpira mapema, na mfugaji akikwambia mnyama wake anaumwa, mpime hata kama unamwona mzima.