Kabla mwanao hajachagua chuo

Tangu Juni 2025, kutoka Busisi hadi Kigongo ni dakika chache tu juu ya Daraja la J.P. Magufuli. Zamani tulisubiri kivuko. Mimi na binti yangu, aliyemaliza kidato cha sita, tulivuka asubuhi kwenda Mwanza kuona vyuo.

Tulianza SAUT, Malimbe, kisha tukapanda kilima cha Bugando wanakosomea madaktari. Mimi niliuliza ithibati ya TCU, ada na mkopo. Yeye aliwauliza wanafunzi, "Mnaishi vipi hapa?" Nilikereka, nikidhani anatafuta starehe.

Vyuo vya Marekani vina vyama vya kindugu vya wanafunzi, vingine na nyumba zao. Vyetu vina serikali ya wanafunzi, kwaya, vikundi vya dini na vya kujisomea. Msichana mmoja alitueleza kwamba alipougua, wenzake wa kikundi walimpeleka hospitali usiku, wakamnakilia notisi za wiki nzima. Nikanyamaza.

Mzazi mwenzangu, ithibati na ufaulu viulize kwanza. Kisha uliza: Maktaba inafungwa saa ngapi? Hosteli ipo, au watapanga mtaani? Atajisomea na nani? Kikundi gani kinasaidia, na kipi kinakula muda wa masomo?

Jioni, tukikaribia Kigongo, binti aliniambia, "Mama, kozi nimeshachagua. Sitaki tu kuwa peke yangu."

Nilikuwa nimemhesabia ada, sikumhesabia upweke.