PAMBA ILIYOOTA MWEZINI

Leo usiku ukitoka nje, utazame mwezi. Tunauona kama sahani nyeupe. Lakini ule ni kama nchi. Una milima, mabonde na mawe. Twende huko tukaone kama panalimika.

Ukifika, kwanza utakosa hewa. Hakuna wingu wala mvua. Mchana wa huko ni kama siku 14 za kwetu, na jua lake ni kali kupita kiasi. Kisha unaingia usiku, nao ni siku 14. Baridi ya usiku huo huua kila mmea.

Januari 2019 chombo cha Wachina kilitua huko, upande ambao sisi hatuuoni. Hakikuwa na mtu. Kilichukua kopo lililofungwa vizuri. Ndani walitia udongo wa hapa duniani, maji, hewa, na mbegu za pamba, za viazi mviringo na nyingine. Mbegu zikanyweshwa. Pamba ikaota! Wewe unayelima pamba unaijua furaha ya kuona mche ukitokeza. Haujapata kuota mmea mwingine mwezini kabla ya huo.

Lakini usiku ukaingia. Kopo halikuwa na kitu cha kulipasha joto. Mche ukafa ungali mdogo.

Na udongo wa huko je? Wamarekani waliokwenda mwezini kati ya 1969 na 1972 walirudi nao. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida walieleza kuwa wamepanda humo mmea mdogo wa jamii ya kabichi. Walikuwa wamepewa gramu 12 tu, yaani vijiko vichache vya chai.

Mbegu ziliota. Usishangae. Mbegu hubeba chakula chake ndani, hata kwenye kitambaa kilicholowa itaota. Taabu huanza chakula hicho kikiisha. Baada ya siku chache mizizi ilidumaa. Majani mengine yakawa ya zambarau. Na mbolea ya maji walikuwa wakiipa kila siku!

Mimi nikiona jani la zambarau shambani, huliacha jani nikachimba udongo. Udongo wa mwezini ni vumbi tupu. Hauna mboji wala mnyoo. Punje zake zina ncha kali kama chupa iliyosagwa.

Mbegu za namna ile ile walizipanda pia katika majivu ya mlima wa moto wa hapa duniani. Hizo zilistawi.