Gari linakunywa petroli, mtoto anaumwa kichwa

Kwa mafundi wa Dar es Salaam, gari lile halikuwa na kasoro. Ni Toyota Corolla ya miaka ya 1980, ya kabureta, iliyonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi na mwalimu mmoja anayeishi kijiji kilicho njiani kati ya Kibondo mjini na kambi ya Nduta. Alitaka familia iache kubanana watu wanne kwenye pikipiki.

Lilipofika nyumbani likaanza kuchoka. Vilima ambavyo bodaboda hupanda na gunia la maharage, lenyewe lilipanda kwa gia ya kwanza, likitoa moshi mweusi. Petroli ndiyo usiseme. Mwalimu alijaza tangi mpaka juu, akatembea kilomita 100, akajaza tena: lita 13. Gari la aina hiyo likiwa zima halipaswi kuzidi sana lita nane au tisa.

Bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi huongezeka kadiri wilaya inavyokuwa mbali na bandari inayopokea mafuta, na Kibondo ni mbali. Hata lita ikihesabiwa kwa shilingi 3,000 tu, lita nne za ziada ni shilingi 12,000 kwa kila kilomita 100. Nyumbani kwa mwalimu hizo ni madaftari na sabuni.

Fundi wa kwanza alisema gari linakosa mafuta. Akatoa jeti kuu, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu linalopima petroli ndani ya kabureta, akalipanua tundu kwa waya. Baadaye ikabadilishwa pampu, kisha koili, kisha plagi. Kila kipuri kilinunuliwa kwa kubahatisha. Wazazi wengi wanaujua mtindo huu kutoka duka la dawa: mtoto akichemka anapewa mseto, asipopoa anapewa antibayotiki, na kipimo kinakuja mwisho, fedha zikiwa zimekwisha.

Wakati huohuo binti yao wa miaka sita alianza kulalamika kichwa. Alipelekwa kituo cha afya mara mbili, na mara zote mbili kipimo cha malaria kilionyesha hana. Mara ya pili nesi akauliza swali ambalo halikuwa limeulizwa.

"Mama, kichwa kinamuuma siku gani?"

Mama akafikiri. Jumapili. Jumapili wakitoka kanisani mjini, mtoto akiwa amekaa kiti cha nyuma. Akifika nyumbani anatapika, analala, na jioni anacheza kama kawaida. Siku za shule haumwi.

"Baba watoto, ni gari," alimwambia mumewe usiku huo. Mwalimu hakupenda kusikia, lakini Jumatatu alimtafuta fundi mwingine.

Huyu wa pili hakufungua boneti. Aliomba gari lisukumwe kwenye uwanja tambarare. Halikwenda.

"Mwalimu, hili gari limefungwa kamba," alisema. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limeshikwa na breki ya mkono, waya wake umeota kutu, na rimu yake ilikuwa ya moto kuliko nyingine zote. Matairi nayo yalikuwa na upepo kidogo. Sehemu ya petroli iliyolalamikiwa miezi yote hiyo haikuwa na uhusiano wowote na injini.

Ndipo akageukia injini. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi jekundu, lile la barabara ambazo lami haijazifikia. Injini ikiwa imepata moto, kibati cha choki kinatakiwa kisimame wima kiache hewa ipite. Hiki kilikuwa kimelala nusu. Plagi zilitoka nyeusi, kavu, zenye masizi kama sufuria la kuni. Zingekuwa na rangi ya kahawia, mchanganyiko ungekuwa sawa. Zingekuwa nyeupe, petroli ingekuwa pungufu. Zingelowa oili, habari ingekuwa mbaya zaidi na ya gharama. Plagi nne huweza kueleza mengi bila kununua chochote.

Jeti iliyopanuliwa ilikuwa kosa kubwa kwa sababu ya mahali penyewe. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Nyanda za Kibondo na Kasulu ziko zaidi ya mita 1,200 juu, ambako hewa ni nyepesi, na kwa kila mita 1,000 injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Magari ya sasa yana vifaa vya kupima hewa na kupunguza mafuta yenyewe. Kabureta haina akili hiyo. Inamimina kana kwamba bado iko Kariakoo. Kuipanulia jeti ni kumwongezea chakula mtu aliyeshiba anayekosa pumzi.

Petroli isiyopata hewa ya kutosha hutoka kama masizi, na hutoka pia kama kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Matokeo yake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na watoto huathirika mapema kwa kuwa wanapumua haraka zaidi. Katika mkoa wenye malaria nyingi kama Kigoma, nani angewaza kitu kingine? Lakini gesi hii haileti homa, na mgonjwa huanza kupata nafuu akikaa kwenye hewa safi. Ikizidi, huua.

Chini ya kiti cha nyuma fundi alikuta kiungo cha bomba la moshi kimeachia, na juu yake tundu la kutu kwenye sakafu, limefunikwa na kapeti.

Kabureta ilioshwa kwa petroli iliyokuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, desturi ya gereji nyingi ambayo mama aliikemea palepale. Mtoto akinywa petroli asitapishwe, maana inaweza kuingia kwenye mapafu, awahishwe hospitali. Hata fundi anayeivuta kwa mdomo kwa mpira yuko kwenye hatari hiyohiyo.

Jeti ya kipimo cha awali ilipatikana Kigoma mjini. Bomba likafungwa, sakafu ikachomelewa, breki ikalegezwa. Kipimo kilichofuata kilikuwa lita tisa. Milimani gari bado linapanda taratibu, kwa gia ya pili, na mwalimu aliuliza kama haiwezekani kuliongezea nguvu kidogo.

"Hiyo iliyobaki umeiacha Dar, mwalimu," fundi alimjibu, akifuta mikono.

Siku hizi mama hukaa nyuma na watoto, dirisha likiwa wazi, vumbi au pasiwe na vumbi.