Pikipiki Inayotoa Moshi



Pikipiki ambayo sisi makatekista tumeitumia kuwafikia wakristu wa mashirika ya mbali, katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale, sasa inatoa moshi wa buluu. Maana yake ni kwamba ringi za pistoni zimelika, na mafuta ya injini yanapenya na kuungua pamoja na petroli. Fundi anadai dola 120 kwa silinda na pistoni mpya. Wanunuzi tuliowauliza wangeongeza dola 80 tu. Basi, injini haitatengenezwa.

Lililotuchelewesha ni shauri la fundi mwingine: tutie mafuta mazito, moshi utapungua kwa siku chache, tuuze upesi. (Ni fundi hodari, wala hakuona haya.) Lakini anayenunua pikipiki kuukuu huku kwetu mara nyingi ni kijana aliyekopa, naye ataanza kubeba abiria siku ileile. Injini ikimzimikia matopeni kati ya Nyabiondo na Walikale, huenda nyuma yake ameketi mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Tumebadili breki, cheni na tairi la nyuma, ijapokuwa fedha hiyo haitarudi yote. Katika miteremko ya Masisi breki mbovu haimpi mtu nafasi ya kujuta. Moshi tumeuacha uonekane. Mnunuzi wa kwanza alipoona tunaiwasha mbele yake, alitushukuru akaenda zake. Wa pili anakuja Jumamosi.