Konveta ya Baba Mkubwa

Kiinua mgongo cha baba mkubwa kina magurudumu manne na choo kisichofanya kazi. Baada ya miaka mingi ya kuwaendeshea wazungu wa misheni gari la matibabu, kutoka Bunda hadi vijiji vya kando ya Serengeti, wakubwa zake walifunga virago wakarudi kwao Marekani. Hela ya kumalizana naye haikutosha, wakamwachia karavani lao, lile la bati linalovutwa na gari, lenye vitanda, jiko na makabati humo humo ndani. Hati ya kukabidhiwa anayo, ameihifadhi pamoja na cheti chake cha ubatizo. Lilivutwa kwa trekta kutoka Bunda hadi Butiama, likapasua matairi mawili pale Makutano, na tangu siku hiyo halijasogea. Watoto wa jirani wanaliita meli.

Mimi ndiye nahodha. Nilipomaliza kidato cha nne na kurudi na matokeo ambayo hayakumfurahisha mtu, nyumba ilikuwa imejaa, nikaambiwa nilale melini pamoja na mdogo wangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyeko darasa la sita. Nikashukuru kweli kweli. Wangapi kati yenu mnaosoma jarida hili mna meza ya kukunja, dirisha, na mlango wa kufunga kwa ndani? Nilijiona nimepewa ofisi. Riwaya yangu, nikajisemea, itakwisha kabla ya masika.

Basi usiku wa kwanza nikakutana na konveta.

Ndugu msomaji, konveta ni kisanduku cha bati kilichofungwa chini ya kitanda, nyuma ya kijilango chenye matundu ya hewa. Kazi yake ni kuchukua umeme wa nyumbani na kuugeuza kuwa umeme wa betri, volti 12, kwa sababu taa, feni na kila kidude ndani ya karavani vinatumia volti 12. Pia inachaji betri, ili umeme ukikatika taa ziendelee kuwaka. Umeme ukikatika kijijini, majirani huleta simu zao kuchaji, na zile shilingi mia tatu tatu ndizo sukari ya baba mkubwa. Kwa hiyo kuizima haikuwa suala la kujadili.

Lakini inalia. Mmmmmmm. Jamaa yangu mmoja apigaye gitaa kanisani aliisikiliza akasema ni kama nota ya G kwenye uzi ule mnene, ila imepanda kidogo. Kila baada ya robo saa feni yake inaamka na kukwaruza, halafu inalala, halafu Mmmmmmm tena. Sikiliza, mimi si mtu wa kudeka. Kelele za binadamu sizijali. Nimewahi kuandika sura nzima pale stendi ya Bweri, Musoma, wapiga debe wakinipigia makelele sikioni, na ile ndiyo sura yangu bora. Kelele za watu zina habari ndani yake: mtu anadai nauli, mtu anamtukana mwenzie, unaokota neno unalitia daftarini. Hii ya konveta haina koma wala nukta. Wahusika wangu walianza kukosa la kusema. Shujaa wangu alisimama mlangoni kwa mchumba wake siku nne nzima bila kubisha hodi.

Nikipita Mwitongo, lilipo kaburi la Mwalimu na makumbusho yake, nilikuwa naona haya. Mtu yule alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, moja ikachapishwa 1963 na nyingine 1969, huku akiwa na nchi nzima mabegani. Mimi nimeshindwa na transfoma.

Nikairekodi sauti kwa simu, nikapanda gari hadi Musoma, kwa fundi mmoja mzee pale Nyasho anayetengeneza redio, pasi, na chochote chenye waya. Nikaamkia, nikamwekea simu sikioni.

"Hiki kitu kimetoka Marekani," akasema kabla sijaeleza.

"Umejuaje, Baba?"

"Kinalia kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenzie."

Akanipa kigoda nikae, akanifundisha. Umeme wa Marekani ni volti 120 na unapiga mara 60 kwa sekunde. Wa kwetu ni volti 230 na unapiga mara 50. Wale wazungu walikuwa wameweka transfoma ya kushushia umeme nje ya karavani, wakadhani wamemaliza. Transfoma inashusha volti, haibadilishi mapigo. Sasa kitu kilichotengenezwa kwa mapigo 60, ukikipa 50 kwa volti zile zile, kila pigo linakuwa refu zaidi, na chuma kilichomo ndani kinabeba sumaku kiasi cha theluthi mbili za theluthi moja... hapana, alisema moja ya tano zaidi, mimi hesabu ndizo zilizoniangusha. Chuma kinajaa sumaku kupita kipimo, kinapata joto, kinaguna. Zile bati nyembamba zilizopangwa ndani hujinyoosha na kujirudi mara mbili katika kila pigo, ndiyo maana sauti yake huku kwetu ni mtikisiko wa mara 100 kwa sekunde. Gundi iliyozishika ikikauka kwa uzee, zinagongana. Nilifurahi mno kusikia haya. Kumbe hata ule umeme wa bwawa la Rufiji lenye jina la mtu wa kijijini kwetu, mitambo yake ya kwanza ikaanza kuzalisha mwaka 2024, megawati 2,115 ikiwa yote inafanya kazi, ukifika Butiama utapiga 50 vile vile, na konveta ya baba mkubwa itaendelea kuguna.

Mimi nikauliza kama kuna namna ya kuinyamazisha. Nilifikiria raba chini yake, kukaza skrubu, mambo kama hayo. Fundi akaniuliza swali la pembeni.

"Betri mnaiongeza maji mara ngapi?"

"Kila wiki."

"Inakaa wapi?"

"Humo humo chini ya kitanda. Zamani ilikuwa nje, lakini baba anaogopa wezi."

"Na nani analala kitandani?"

Nikamwambia. Akavua miwani.

Konveta za zamani, akasema, hazina akili ya kujua betri imejaa. Zinaendelea kusukuma tu. Betri inachemka, maji yanapotea, na yanapotea kwa kugeuka hewa, na mojawapo ya hewa hizo ni hidrojeni. Ikifika asilimia 4 ndani ya kijisanduku kile, cheche moja ndogo inatosha. Na konveta yenyewe, yenye swichi ya feni inayojiwasha na kujizima, imekaa hapo hapo ubavuni. "Kelele siyo ugonjwa," akasema. "Kelele ndiyo iliyokuleta hapa. Shukuru."

Kurudi Butiama sikufungua hata daftari. Nilimkuta baba mkubwa chini ya mwembe, nikamweleza yote, kwa heshima, nikiwa nimechuchumaa. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Wenyewe walilala humo miaka yote. Nani alikufa?"

"Wao betri yao ilikuwa nje, Baba."

"Mura, mimi nimesikiliza injini kabla hujazaliwa. Kitu kinacholia ni kizima. Ukiona gari limenyamaza, shuka, limekufa."

Msimcheke. Nilimwelewa. Aliona pikapu ya rafiki yake mmoja ilivyoliwa: leo taa, kesho mlango, mwisho likabaki fremu la kuku kutagia. Leo konveta, kesho jiko, na ile miaka yake yote itabaki hati ndani ya bahasha. Kuna na jambo jingine ambalo alilisema kwa sauti ndogo, akiangalia pembeni: siku wenyewe wakirudi, wakute kila kitu mahali pake.

Kesi iliamuliwa na mama mkubwa, ambaye hakuwa ameulizwa. Jioni ile alikuja melini, akakunja godoro la mdogo wangu, akalitia kichwani, akaondoka nalo. Akipita pale mwembeni akasema, "Mwanangu halali juu ya bomu." Basi. Baba mkubwa hakula vizuri usiku ule.

Kesho yake akaniita akaniuliza chaja mpya ni bei gani. Chaja ya kisasa ya volti 230, inayojua kupunguza betri ikikaribia kujaa, pamoja na nyaya, fyuzi na nauli ya fundi, ilifika laki moja na ishirini. Yeye alikuwa na arobaini. Mimi nilikuwa na themanini na mbili ndani ya kopo, za kulipia stesheni pale Musoma wanichapie mswada, maana riwaya yote iko kwenye kaunta buku kwa mwandiko wa mkono. Nilikaa nalo lile kopo mapajani muda mrefu kidogo. Halafu nikaenda Musoma.

Fundi alikuja Jumamosi. Betri ikatolewa nje, ikawekwa kwenye sanduku la chuma lenye matundu juu na kufuli mbele, wezi wajisumbue. Chaja mpya ndogo kama mkate ikafungwa ukutani. Konveta baba mkubwa alikataa isitolewe. Ikakatwa nyaya, zikafungwa utepe, ikabaki pale pale chini ya kitanda, na kijilango chake kikafungwa kwa skrubu zote nne, ambazo alizikaza mwenyewe.

Usiku ule, yapata saa tano, mlango ukagongwa.

"Mura! Umeme umekatika?"

"Upo, Baba." Nikamwashia taa aone.

Akapanda ngazi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akainamisha kichwa upande ule ilipo konveta. Tukasikia mbwa wa mbali, na kikohozi cha mama mkubwa kutoka nyumba kubwa. Kumbe kwa ukimya ule hata yeye kule ndani alishindwa kulala.

"Unaandika nini humu kila siku?" akauliza.

Nikamsomea ukurasa. Ilikuwa pale dereva wa basi anapopanda mlima usiku, mvua inanyesha, abiria wanaomba. Alinyanyua mkono.

"Huyo gia ya nne mlimani kapata wapi? Atazima. Mwambie arudi ya pili."

Nikachukua kalamu nikamrudisha ya pili.